Recco: focaccia isiyokubali kusafiri

Anayeshuka kwenye treni Recco akitarajia nyumba za rangi zilizopandana juu ya bandari, kama zile za kadi za posta za Liguria, mkoa wa pwani wa Italia, hudhani amekosea kituo. Mji wenyewe ni saruji: maghorofa yaliyojengwa haraka baada ya vita, barabara kuu inayokatiza katikati, na daraja la reli lenye matao linalopita juu ya mapaa. Camogli, kituo kinachofuata, dakika chache tu kwa treni, una uzuri wote ambao Recco hauna. Hata hivyo ni Recco, mji wa watu karibu 10,000 upande wa mashariki wa Genova, uliotoa jina la focaccia ya jibini, aina ya mkate bapa, inayolindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, na ni Recco wenye klabu iliyotwaa ubingwa wa Ulaya wa polo ya majini mara 11. Tathmini hii inauchukulia mji kama safari ya siku moja kutoka Genova. Nenda kula na kutazama mchezo. Ukienda kwa ajili ya picha utarudi na manung'uniko.

Hiyo saruji ina sababu yake, na sababu ni lile daraja. Reli ya pwani inayotoka Genova kwenda La Spezia na Pisa inavuka bonde la Recco juu ya matao, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa njia ya kupitishia mahitaji ya jeshi la Ujerumani. Ndege za Washirika zilianza kulilenga daraja tarehe 10 Novemba 1943, zikarudi tena na tena hadi katikati ya 1944. Kwa jumla yalikuwa mashambulizi 27. Kupiga daraja jembamba kutoka juu angani si kazi rahisi, na mabomu yaliyokosa shabaha yaliangukia nyumba. Sehemu kubwa kabisa ya mji ilibomolewa, na zaidi ya raia 100 waliuawa. Kwa hiyo usitafute mitaa ya kale. Kulikuwa na makazi hapa tangu enzi za Warumi, yakiitwa Ricina, na uwanja wa katikati ya mji una jina la Nicoloso da Recco, baharia aliyefika Visiwa vya Kanari mwaka 1341 katika msafara wa mfalme wa Ureno. Lakini mengi ya hayo yamebaki kwenye majina, si kwenye mawe. Nusu saa inatosha kuuzunguka mji kwa miguu, na hiyo ni pamoja na kusimama chini ya daraja kulitazama.

Sasa focaccia. Ondoa kwanza akilini ile focaccia ya kawaida ya Genova, mkate mnene ulioumuka kwa hamira, wenye vishimo vilivyojaa mafuta. Ya Recco haina hamira kabisa. Ni karatasi mbili za unga, nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono upande wa pili, na kati yake jibini bichi laini linaloyeyuka. Inatoka tanurini ikiwa na mabaka ya hudhurungi juu ya weupe, kingo zake zinakatika kwa sauti, na katikati jibini linatiririka kama maziwa mazito. Ladha ni chumvi kidogo, uchachu kidogo wa jibini, na mafuta ya zeituni. Basi.

Mjini watakusimulia kwamba ilibuniwa na watu waliokimbilia milimani kujificha maharamia wa Kisaraseni, wakiwa hawana kitu ila unga, mafuta na jibini la mbuzi zao. Simulizi hiyo ni nzuri na kila mgahawa unaipenda. Habari zilizo wazi zaidi ni za mwishoni mwa karne ya 19, wakati focaccia hii ilikuwa chakula cha msimu, ikiliwa karibu na Siku ya Marehemu mwanzoni mwa Novemba. Mwanamke aitwaye Emanuela Capurro, maarufu kama Manuelina, alifungua mkahawa wake mwaka 1885, na wenye uwezo wa Genova wakajenga mazoea ya kuja usiku baada ya maonyesho ya jukwaani. Mkahawa huo bado upo na bado unaitwa Manuelina. Toka hapo focaccia ikawa ya mwaka mzima.

Tangu Januari 2015 jina «Focaccia di Recco col formaggio» lina alama ya IGP, ile ya Umoja wa Ulaya inayolinda jina la chakula cha eneo fulani, na kanuni zake ndizo zinazomhusu mlaji hasa. Ni lazima itengenezwe na kuokwa ndani ya maeneo manne tu: Recco, Sori, Camogli na Avegno. Unga, maji, mafuta ya zeituni ya daraja la juu, chumvi, jibini bichi, hakuna kingine. Karatasi ya unga isizidi milimita moja. Joto la tanuri ni kati ya nyuzi 250 na 320, kwa dakika 4 hadi 8. Na hapa ndipo penye uzito: hairuhusiwi kuiva nusu, kuwekwa kwenye jokofu wala kugandishwa. Mpishi yuleyule wa Recco akiipika Milano kwa mikono ileile, haina haki ya kuitwa hivyo. Wengine huona huo ni ukaidi wa wafanyabiashara. Aliyewahi kuila ikiwa na umri wa nusu saa ataona ni akili: mvuke wa jibini unaingia kwenye unga, karatasi ya chini inageuka kuwa ngozi, ya juu inalala, na kile kilichokuwa kikivunjika sasa kinatafunwa kama mpira. Ina dakika kumi za uhai, labda kumi na tano.

Kwa sababu hiyo namna ya kuagiza ina umuhimu kuliko jina la duka. Katika duka la mikate inauzwa kwa uzito, na kipimo ni etto, yaani gramu 100. Sema «due etti» upewe gramu 200, ambazo zinamtosha mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida. Usinunue iliyokaa kwenye kioo. Uliza «quando esce?», itatoka lini, na ukiambiwa dakika ishirini, subiri. Muuzaji akitaka kukupashia kipande cha zamani, kataa kwa adabu. Asubuhi na mapema utakuta zaidi focaccia ya kawaida, ya vitunguu au ya mafuta matupu. Ya jibini huanza kutoka kadiri mchana unavyokaribia. Maduka mengi hufunga baada ya chakula cha mchana na kufunguliwa tena jioni, kwa hiyo anayefika saa tisa alasiri atakuta milango imefungwa. Moltedo, duka la mikate lililopo tangu 1874, ndilo jina utakalolisikia zaidi. Foleni ya Jumapili ni ndefu lakini inakwenda, na foleni hiyo ndiyo dhamana yako kwamba sinia halikai.

Mgahawani inaletwa nzima au kwa sehemu, kama kitangulizi. Sinia moja la wastani ni la watu wawili au watatu. Kosa la wageni ni kuagiza kila kitu kwa pamoja: focaccia inafika sambamba na tambi, mtu anahangaika na vyote, na cha kwanza kupoa ni focaccia. Agiza focaccia peke yake, uile, kisha uombe orodha tena. Wenyeji hawataona ajabu. Bili itakuwa na malipo madogo ya meza kwa kila mtu, yaitwayo coperto. Si wizi, yameandikwa kwenye orodha ya vyakula. Jumapili mchana bila kuweka nafasi mapema ni kujitafutia kusimama.

Kwa anayechunga anachokula: kwenye unga hakuna mafuta ya nguruwe, ni ya zeituni tu. Jibini lenyewe, la aina ya crescenza, kwa kawaida hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na hilo ni jambo la kumuuliza muuzaji kwa anayelijali. Zipo sehemu zinazoongeza ham, nyama ya paja la nguruwe, juu au ndani. Hiyo si ya IGP na huandikwa wazi.

Je, inawezekana kuipika nyumbani? Inawezekana, isipokuwa jina ndilo hutapata. Vipimo vinavyofanya kazi ni unga wa ngano wenye nguvu gramu 500, maji mililita 250 hadi 280, mafuta ya zeituni mililita 50, chumvi gramu 10, na jibini kilo nzima. Ndiyo, jibini ni mara mbili ya unga. Anayepunguza kwa huruma ya mfuko anapata biskuti. Vipimo hivi vinatosha masinia mawili au matatu ya duara yenye kipenyo cha sentimita 40.

Kanda dakika kumi hadi donge liwe laini kama ndewe la sikio, lifunike, uliache angalau nusu saa. Usiruke hatua hiyo: donge lisilopumzika hujivuta na kurudi kila unapolinyoosha, na ukilazimisha linachanika. Gawa. Sukuma kipande cha kwanza kwa mpini, kama unavyosukuma chapati, hadi kisiende zaidi. Hapo mpini kazi yake imekwisha. Vua pete na saa, ingiza ngumi zote mbili chini ya karatasi ya unga, na uizungushe hewani polepole ukiiacha ijivute kwa uzito wake, kingo zikitangulia kwa sababu ndizo hubaki nene. Itandaze juu ya sinia lililopakwa mafuta, ining'inie pembeni. Panga mabonge ya jibini ya ukubwa wa ndimu ndogo, yakiachiana vidole viwili. Karatasi ya pili iwe nyembamba kuliko ya kwanza. Ifunike, bana kingo, kata unga unaoning'inia kwa kupitisha mpini juu ya ukingo wa sinia. Kisha, kwa vidole, nyofoa vitundu vya kama sentimita moja hapa na pale kwenye karatasi ya juu. Vitundu hivyo si urembo. Bila hivyo mvuke unaipuliza juu kama puto, inaungua kileleni na kubaki mbichi pembeni. Mwisho nyunyiza mafuta na chumvi kidogo, uitie tanurini.

Makosa mengi huanzia kwenye jibini. Mozzarella inatoa maji mengi na kuvutika kama uzi; ricotta haiyeyuki; jibini la kupaka lililojaa chumvi linafunika kila kitu. Inayotakiwa ni crescenza, au ndugu yake stracchino, bichi na yenye uchachu mdogo. Ikitoka kwenye pakiti ikiwa na majimaji, ichuje kwanza. Kosa la pili ni moto mdogo. Oveni ya nyumbani huishia nyuzi 250, na mtu anaiwasha dakika kumi kabla. Iwashe dakika 45 kabla, weka bamba zito la chuma ndani lipate moto, na sinia likae juu yake, chini kabisa. Wapishi wa Recco hutumia masinia ya shaba yaliyopakwa bati, ambayo hupitisha joto kwa kasi. Sinia jembamba la chuma linafuata kwa ubora, la kioo ni la mwisho. Kosa la tatu ni unga dhaifu wa keki: hauwezi kufika milimita moja bila kutoboka. Angalia kwenye pakiti uwe na protini gramu 12 au zaidi kwa kila 100.

Vyakula vingine ni vizuri bila kuwa sababu ya safari. Trofie, tambi fupi zilizosokotwa kwa kiganja, ni za pwani hii, na namna sahihi ni kuzichemsha pamoja na viazi na maharage mabichi kisha kuchanganya na pesto, mchuzi wa majani ya rihani, nje ya moto. Pesto iliyopikwa hugeuka nyeusi na chungu. Ukiiletewa hivyo, unajua jikoni kuna haraka. Pansoti ni vifuko vya tambi vilivyojazwa mboga za porini na jibini, huliwa na mchuzi wa jozi, zile kokwa zenye ganda lililokunjamana. Mchuzi huo ni mzito. Sahani moja kwa wawili yatosha baada ya focaccia. Focaccette, vipande vidogo vya unga uleule vilivyojazwa jibini na kukaangwa, ndizo za kuchukua mkononi. Zinavumilia kupoa zaidi kidogo kuliko mama yao.

Upande wa pili wa safari ni bwawa. Klabu ilianzishwa 1913 kwa jina la Rari Nantes Enotria, wakati polo ya majini ya Liguria ilikuwa ikichezwa baharini, na mawimbi yakiwa sehemu ya mchezo. Sasa inaitwa Pro Recco. Ubingwa wa kwanza wa Italia ulikuja 1959, na mwaka uliofuata Eraldo Pizzo, aliyepewa jina la Caimano kwa namna alivyoviziavizia majini, alikuwa kwenye timu ya Italia iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki ya Roma. Kombe la Ulaya la kwanza ni la 1965. Halafu wakangoja karibu miaka ishirini, hadi 1984, kupata la pili. Neema kubwa ilifika baadaye, fedha za Gabriele Volpi zilipoingia. Huyu ni mzaliwa wa Recco aliyetajirikia Nigeria katika biashara ya bandari na mafuta. Kuanzia 2006 hadi 2019 klabu ilichukua ubingwa wa Italia mara 14 mfululizo, na makombe matatu ya Ulaya ya karibuni ni ya 2021, 2022 na 2023, nayo mfululizo. Mtu anaweza kulalamika kwamba ligi yenye mshindi mmoja haina utamu. Lalamiko ni la haki, na 2021 Brescia, klabu nyingine ya Italia, waliwatibulia. Kwa mgeni wa siku moja, hata hivyo, kuona baadhi ya wachezaji bora duniani katika mji wa ukubwa huu ni bahati isiyopatikana kwenye mpira wa miguu.

Bwawa la nyumbani ni Punta Sant'Anna, kwenye rasi ya miamba, maji ya bwawa yakikaribia kugusana na ya bahari. Msimu wa ligi huanza vuli na kuishia majira ya kuchipua, kwa hiyo mtalii wa Agosti atakosa. Tazama pia mechi inachezwa wapi: kuna nyakati klabu ilihamia mabwawa ya miji jirani, Sori ikiwemo, na mechi za Ulaya huweza kupelekwa kwingine.

Anayetazama kwa mara ya kwanza huchanganywa na filimbi. Inalia kila baada ya sekunde chache na mchezo hausimami. Faulo ya kawaida inampa mchezaji nafasi ya kurusha bila kubughudhiwa, basi. Mfuatilie mtu mmoja: yule anayekaa mbele ya goli akilipa mgongo, huku beki akimng'ang'ania. Asilimia kubwa ya mchezo ni vita vya hao wawili, na nusu ya vita iko chini ya maji. Beki akitolewa kwa muda, timu inabaki na sita dhidi ya saba, na hapo ndipo mabao hupatikana. Vipindi ni vinne vya dakika nane, lakini saa husimama kila mara, kwa hiyo weka zaidi ya saa moja. Kaa upande wa urefu wa bwawa. Nyuma ya goli utaona mapovu tu.

Tarehe tatu za kuweka akilini. Jumapili ya nne ya Mei ni sikukuu ya focaccia, na sehemu kubwa hugawiwa bure. Foleni ni za kutisha na focaccia hukatwa haraka, kwa hiyo ni siku ya shamrashamra, si ya kuonja iliyo bora. Tarehe 7 na 8 Septemba ni Sagra del Fuoco, sherehe ya moto kwa heshima ya Bikira Maria, Nostra Signora del Suffragio. Mitaa saba ya mji, kila mmoja na bendera yake na mfuko wake, hushindana kwa fataki, na mizinga midogo ya chuma iliyoshindiliwa baruti hupangwa mstari na kulipuliwa mmoja baada ya mwingine. Mlio wake unapiga kifuani. Mwenye mtoto mdogo abebe vizuia masikio na akae mbali na mstari huo. Treni za kurudi usiku hujaa, basi tafuta ratiba kabla ya giza.

Usafiri ni rahisi. Treni za mkoa kutoka Genova Brignole hufika kwa takriban nusu saa. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda. Asiyegonga hulipa faini hata kama tiketi ni halali. Kituo kiko juu, unashuka kama dakika kumi hadi baharini, na kurudi ni kupanda tumbo likiwa zito. Ufuko ni wa kokoto, viatu vya majini vinasaidia. Kwa gari, maegesho ya wikendi yatakula saa yako ya kwanza.

Ukibakiwa na kipande, usikifunge kwenye karatasi ukapanda nacho treni ya Camogli. Kaa kwenye benchi la kituo ukimalize. Kama ni lazima kukibeba, kipashe baadaye kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika mbili upande wa chini tu. Kwenye maikrowevu kitakuwa ngozi ya kiatu.